Damu ya Mama Mkwe Chini ya Kioo

Mimi ndiye niliyemposea Fanwell mke, na tangu siku hiyo sijajua raha. Kwingine mshenga akishakula kuku wake wa harusi huachwa aende zake. Kwetu Nchelenge mshenga, ambaye tunamwita shibukombe, hubaki amefungwa kwenye ndoa ya watu kama boya kwenye wavu. Wakigombana, mimi Goodson niitwe. Wakipatana, Goodson ni nani? Nilikuwa na biashara yangu ya samaki wakavu, nikiwauzia watu wa Kilwa ya ng'ambo ya ziwa, si ile ya baharini, wanaovuka kuja kununua, na samaki hawakuwahi kunichosha kama watu wa nyumba ile moja.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mama Olipa, mama mkwe wa Fanwell. Mjane huyu alizaliwa Kilwa, ng'ambo, akaolewa huku, na mpaka uzeeni alisema Kiswahili cha kwao. Kibemba alikiweka akiba kwa ajili ya matusi. Usafi wake ulijulikana kuanzia Mununga hadi Mofwe. Alifagia ua kabla jogoo hajawika, akafagia tena baada ya jogoo kupita. Ukikaa kwenye kigoda chake, ulipoinuka tu alikipangusa mbele yako bila haya. Ndani alikuwa na kikombe cha Malkia wa Wazungu, vile vikombe vyenye uso wake tulivyogawiwa mwaka aliovikwa taji, na hakuna mdomo uliowahi kukigusa, hata wa kwake mwenyewe.

Sasa binti yake Felistus akaenda kumpenda mtu anayeangalia mavi.

Maneno hayo ni ya mama Olipa, msinitupie mimi. Fanwell alikuwa mtumishi wa kiliniki ya serikali, kijana mpole wa Puta, aliyefundishwa kutumia hadubini. Ni bomba la shaba lenye vioo, unatazama kwa jicho moja juu, na chini kuna kioo kidogo cha kuvuta mwanga wa jua. Vitu ambavyo jicho la mtu haliwezi kuviona, humo unaviona vinatembea. Watu walimletea damu, makohozi, mkojo, na hayo mengine waliyaleta ndani ya sanduku la kibiriti, naye akavisoma vyote bila kukunja uso. Daktari Mzungu alifika mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote, jicho la pwani yetu lilikuwa la Fanwell.

Halafu kuna mila. Kwetu mkwe hamwoni mama mkwe wake. Hamtazami, hasemi naye, hali chakula chake, na akimwona anakuja njiani anaingia majanini, hata kama majani yana nyoka. Jambo hili lina mwisho wake. Siku moja mama mkwe hupika, wanawake huimba, mkwe huletwa akala, na kuanzia hapo ni mwana wa nyumba. Huko ndiko kumwingisha. Wengi huingishwa wakishapata mtoto wa kwanza. Fanwell alikuwa na watoto wanaotafuna miiba ya samaki, na bado alikuwa anarukia majanini.

Nilikwenda kumwombea mpaka mbwa wa nyumba ile akaacha kunibwekea.

"Mama, mukwe yako eko muzuri," nilimwambia mara ya mwisho. "Anaheshimu. Juu ya nini hautaki kumuingisha?"

"Goodson, ile mikono yake inashika nini siku muzima?"

"Inashika kioo, mama."

"Na ku kioo kuko nini?"

Nikamwangalia mbwa.

"Basi," akasema. "Njo ile mikono unataka itie mu sahani yangu."

Kisha homa ikaja. Mama Olipa akatetemeka, akatapika, kichwa kikamuuma mpaka akashindwa kufumbua macho. Mdogo wake Idah, aliyekaa naye, alimchukulia dawa ya malaria kiliniki, mgonjwa akaimeza, homa isijali. Baada ya siku kadhaa ikakatika yenyewe kama mvua. Mama Olipa akaamka, akafagia, akatangaza kwamba amepona. Juma likapita, homa ikarudi na nguvu mpya. Hapo Felistus akaogopa kweli. Alikuwa amemwona jirani mmoja akienda hivyo hivyo, leo mzima, kesho kitandani, mpaka wakamzika.

Fanwell alinivuta nyuma ya kiliniki.

"Ba Goodson, homa ya kwenda na kurudia, mie nawaza ni kimputu. Lakini siwezi kusema bila kuona damu. Ile sindano yake iko kali sana. Ukichoma mutu mwenye hana ile ugonjwa, unaweza kumuua."

Kimputu ni kidudu cha jamii ya kupe. Mchana hulala kwenye nyufa za nyumba za udongo, usiku hutoka kunyonya watu, na homa yake tunaiita kwa jina hilo hilo. Hata mimi, muuza samaki, nilijua kwamba haichezewi.

"Basi angalia damu," nikasema.

Akanitazama kama nimemwambia avue nguo sokoni.

"Ni damu ya mama mukwe," akasema.

Tukafanya kikao siku hiyo hiyo uani kwa mama Olipa. Yeye alilala ndani, na Fanwell alikaa nje, mgongo wake kwenye ukuta ule ule ambao mgonjwa aliegemea. Kati yao kulikuwa na udongo wa unene wa kiganja, na kila neno lilipita. Lakini mila ni mila: hawakusikiana mpaka mimi, niliyekaa kizingitini, nirudie.

"Muulize," ilisema sauti ya ndani, "damu yangu ni mie, ao haiko mie?"

"Anauliza," nikamwambia Fanwell, ambaye tayari alikuwa anajikuna kichwa kwa swali hilo, "damu yake ni yeye, ao haiko yeye?"

"Muambie ni yeye."

"Nimesikia," akasema mama Olipa, kisha akakumbuka kwamba hatakiwi kusikia, akaningoja.

"Anasema ni wewe, mama."

"Na ile masini yake inakuza bintu?"

"Inakuza mara mingi," nikarudia baada ya Fanwell.

"Basi ataniona mukubwa kupita vile niko. Hapana."

Felistus, aliyekuwa amelia asubuhi nzima, akajaribu njia nyingine. Akasema hadubini ina tundu moja tu, mumewe hutazama kwa jicho moja, na kutazama kwa jicho moja ni nusu ya kutazama. Mimi niliona ni hoja nzuri. Idah hakuiona hivyo.

"Mutu mwenye anachungulia mama mukwe mu bafu ya matete," akauliza, "anatumikisha macho ngapi?"

Ndani, mgonjwa aliguna kwa kuridhika.

Ni huyo huyo Idah aliyepata njia. Alisema sokoni siku ya mtumbwi wa Kilwa watu wamejaa, mama mkwe hupita na mkwe hupita, na hakuna anayeweza kusema wameonana, maana nani anaona mtu mmoja katika umati? Basi damu ya dada yake nayo iwekwe sokoni. Ichanganywe na damu za wagonjwa wengine wenye homa, Fanwell asome zote, asijue ipi ni ya nani. Tulimsifu. Hata ukuta ulisema ni sawa.

Kesho yake asubuhi benchi la kiliniki lilijaa wenye homa kama kawaida. Fanwell aliwachoma vidole, akapaka damu kwenye vioo, na kwa kalamu ya nta akatia alama pembeni ya kila kimoja. Kisha akampa Idah kioo kitupu na sindano, akamfundisha. Idah akaenda kumchoma dada yake, homa ikiwa bado imepamba moto, akarudi na kioo chenye alama aliyoijua mwenyewe. Fanwell akavitia vyote rangi, akavikausha. Akatoka nje, akasimama akitazama ziwa, ili soko lipangwe.

Idah akafunika vioo kwa kitenge chake, akavichanganya mpaka jasho likamtoka. Nilimwona pia akipangusa kila kioo pembeni kwa ncha ya kitenge, taratibu, bila kugusa damu. Nikadhani anasafisha. Ukoo ule kusafisha ni ugonjwa wao.

Fanwell akaingia, akageuza kile kioo cha chini kuelekea jua la dirishani, akadondosha tone la mafuta, akafumba jicho moja. Cha kwanza, malaria. Kilichofuata, hakuna kitu. Malaria tena. Nilikuwa nimeanza kusinzia aliposema polepole, "Njo huyu," yaani ndiye mwenye kimputu.

Akanipisha nitazame. Mara ya kwanza niliona kope zangu mwenyewe. Kisha nikaona damu, nayo haikuwa nyekundu wala maji; ilikuwa visahani vingi vya rangi ya waridi vimetawanyika, na kati yake nyuzi za zambarau zilizojikunja, nyingi, kama mtu amekatakata wavu mbovu. Sikuwahi kufikiri kwamba ndani ya mtu kunaweza kuwa na wageni wengi kiasi kile.

"Anataka sindano leo," Fanwell alisema. "Mama Idah, alama yake iko ya nani?"

Akakigeuza kioo. Kilikuwa safi. Akavigeuza vingine. Vyote vilikuwa safi.

"Alama zilienda wapi?"

"Nilipangusa," alisema Idah.

"Juu ya nini?"

"Alama haiko sura ya mutu? Ulitaka nikuletee dada yangu ku soko na jina yake ku kipaji ya uso?"

Mwanamke alikuwa amefanya alichoombwa, tena kwa ukamilifu. Sasa tulijua kwamba mtu mmoja ana kimputu, na kwamba kwa heshima kubwa tumemficha hata sisi wenyewe.

Fanwell akatoka kuomba kila mtu achomwe kidole tena, tufanye hesabu: wote wakikosa vidudu, anayebaki ndiye. Kosa lake lilikuwa kueleza sababu. Waliposikia kwamba mmoja wao ana kimputu, kila mmoja aliapa kwamba nyumba yake haina hata ufa. Waliposikia kwamba sindano yake inaweza kuua asiyehusika, benchi lilibaki tupu kabla sijageuka. Mzee Bwembya, aliyeletwa amebebwa, aliondoka mbio kuliko waliombeba.

Nikapeleka habari kwa mama Olipa.

"Kimputu?" akasema. "Mu nyumba yangu? Muambie atafute kwabo Puta."

Na kesho yake homa ikashuka. Hapo ndipo Fanwell alipokata tamaa, maana aliniambia vidudu hivyo vina ujanja: homa ikishuka vinajificha, ukichukua damu unaiona safi kabisa. Ilibidi kungoja homa irudi. Na ikirudi, alisema, itakuta mwili uliochoka. Mama Olipa alikuwa anafagia tena, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kutuumbua, na sisi wawili tulimsikiliza kutoka mbali kama watu wanaosubiri paa lianguke. Mficha maradhi, kilio humfichua. Nililisema hilo mbele ya Felistus, akaanza kulia upya, nikajuta.

Siku iliyorudisha homa nilikuwa natembea na Fanwell kwenye njia inayopita ua ule. Mama Olipa akatokea na ufagio. Fanwell, kwa mazoea ya miaka, akatoweka majanini. Mama Olipa alifagia mara moja, mara nyingine, akauangalia ufagio kana kwamba hajui ni wa nini, akaanguka.

Idah alikuwa ziwani, Felistus shambani. Nilimkimbilia, nikamshika chini ya makwapa, nikavuta. Mama Olipa alikuwa mwanamke wa kutosha, na kiuno changu kilishapitiwa na magunia mengi ya samaki. Hakuinuka. Alikuwa wa moto kama jiwe la mekoni, na meno yalimgongana.

"Fanwell," niliita, "mie peke yangu siwezi."

Majani yakatikisika. Na hapo nikaona jambo ambalo sitalisahau. Mkwe yule alitoka kinyumenyume. Uso aliuelekeza ziwani, mikono ameinyosha nyuma, akipapasa njia kwa visigino. Alikanyaga ufagio, akapiga teke beseni, nusura akalie jiko. Alipotuhisi karibu, akachuchumaa na kututolea mgongo, kama mama anayengoja kubebeshwa mtoto.

Mama Olipa alifumbua macho.

"Goodson," akasema, "huyu anafanya nini?"

"Anataka kukubeba bila kukuangalia, mama."

Akautazama ule mgongo kwa muda. Shati lilikuwa limeraruliwa na miiba ya majanini, si ya siku ile tu, na Felistus alikuwa ameshona hapa na pale. Mimi nililiona shati lile kila siku. Yeye hakuwahi kuliona, kwa kuwa naye alikuwa anageuza uso.

"Muambie ageuke," akasema.

"Anasema ugeuke," nikamwambia Fanwell.

"Muambie siwezi. Hajaniingisha."

Ugonjwa ulikuwa unamla mtu, na bado ninabeba maneno kati ya watu wanaoweza kugusana. Hasira zikanipanda, nikataka kuwaacha hapo wote wawili. Lakini mama Olipa alinishika suruali.

"Munkoyo iko mu nyungu," akasema. "Mupatie."

Nikaingia ndani. Kwenye chungu kulikuwa na munkoyo, kile kinywaji chetu cha unga na mizizi. Chombo safi kilichokuwa karibu ni kimoja tu, chenye uso wa Malkia. Nilikijaza, nikarudi nacho mkononi nikitegemea tusi la Kibemba. Alikiona, akafumba macho, akaitikia kwa kichwa.

"Na wimbo?" akauliza Fanwell, bado akitazama ziwa. Alikuwa mtu wa kufuata utaratibu, ndiyo maana walimpa hadubini.

Wimbo wa kumwingisha mkwe huimbwa na wanawake, kwa vigelegele. Mwanamke pekee pale alikuwa anatetemeka chini. Basi nikauimba mimi, Goodson, mwenye sauti ya kupigia bei ya samaki, nikapiga na kigelegele kimoja ambacho kilifukuza kuku wote. Fanwell akanywa kikombe chote. Kisha akageuka, akamtazama mama mkwe wake usoni, akambeba mikononi na kuondoka naye mbio kuelekea kiliniki. Nilifuata nyuma na kikombe.

Kiliniki hakupoteza muda na rangi. Alimchoma kidole, tone la damu akalifunika kwa kioo chembamba likiwa bado bichi, akainama juu ya hadubini. Alipoinua kichwa alikuwa anatabasamu kwa nafuu, na katika nafuu hiyo akamwambia mama mkwe wake maneno ya kwanza aliyowahi kumwambia maishani.

"Mama, mu nyumba yako muko kimputu."

Nilitafuta mlango ulipo. Mwanamke aliyefagia nyuma ya jogoo, akaambiwa hivyo na mkwe, tena siku ya kuingishwa.

Mama Olipa hakutukana. Alisema, "Nataka kuona."

Tukamwinua, tukamshika huku na huku, akaweka jicho. Kwa damu bichi vile vidudu havilali. Fanwell alisema vinajinyonganyonga na kuvisukuma visahani vya damu huku na huko, kama wachezaji waliolewa. Mama Olipa alitazama, akatazama. Nilifikiri amezimia akiwa amesimama.

"Hawa bote beko ndani yangu?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Banacheza ngoma."

"Ndiyo, mama."

Akatoa jicho kwenye bomba, akamgeukia Fanwell, na machozi yalikuwa yanamtoka.

"Hawa baliingia bila shibukombe," alisema. "Bila kupiga hodi. Balikula, balilala. Na wewe nilikuacha inje miaka yote ile."

Fanwell akashika sindano. Hata mimi nilihitaji kupenga kamasi, na nikasingizia dawa za kiliniki.

Sindano ilimtesa usiku kucha, lakini homa ilishuka na safari hii ilikuwa imeshuka kweli. Alipoweza kukaa, walimtoa nje, wakamkalisha kwenye kiti uani, nami nikaja kumjulia hali. Fanwell alikuwa ndani ya nyumba ile kwa mara ya kwanza. Mkwe huingia nyumba ya wakwe kwa kuku na wali. Yeye aliingia kwa magoti, na kisu, akichokoa nyufa chini ya kitanda. Chini ya mkeka mzuri wa Kilwa, ule ambao hakuna mgeni aliyeruhusiwa kuukalia, kulikuwa na vumbi laini, na ndani ya vumbi walikuwamo kimputu wenyewe, wanene, wa kijivu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mama Olipa alikuwa amekifagilia kila upande isipokuwa hapo.

Nilikaa kizingitini, mahali pangu pa siku zote.

"Mama," Fanwell aliita kutoka ndani, "nataka kintu ya kutia bile bidudu. Kintu yenye kuteleza, basipande."

Nikamgeukia mama Olipa, nikafungua mdomo nimweleze.

"Kamata kikombe," akasema kuelekea ukutani.

"Ya Malkia?" Fanwell akauliza kutoka ndani.

"Ulishakunywa ndani yake. Ni yako."

Nilibaki mdomo wazi, neno la kupeleka sina. Kisha nikaufunga, nikaenda kuangalia samaki wangu.